«Kuachana»: kitenzi kimoja mbele ya sheria nne

Katika mambo ya ndoa, kitenzi -acha kina sura tatu. «Mume amemwacha mkewe»: mtenda ni mmoja. «Mke ameachwa»: ni kauli ya kutendwa, na mtenda hatajwi. «Wameachana»: kiambishi -an- kinawafanya wote wawili kuwa watenda. Sura hii ya tatu ndiyo iliyo karibu na talaka ya makubaliano. Lakini sarufi hupokea -an- bila kudai ushahidi. Sheria hudai, na kila nchi hudai kwa namna yake.

Huko Japani, mume na mke wanaokubaliana hujaza fomu, mashahidi wawili watu wazima hutia sahihi, kisha fomu hupelekwa kwenye ofisi ya mji. Hakimu hahitajiki. Na kwa kuwa mmoja anaweza kuipeleka bila ridhaa ya mwenzake, mtu anaruhusiwa kuiomba ofisi mapema isiipokee.

China hutumia muda kama kipimo. Tangu 1 Januari 2021, waliokwisha kuomba talaka pamoja hungoja siku 30, na ndani ya siku hizo yeyote kati yao anaweza kuliondoa ombi.

Ufaransa iliruhusu talaka ya makubaliano mwaka 1792, ikaifuta talaka yote mwaka 1816, na ile ya makubaliano ikarudi mwaka 1975. Tangu 2017, kwa kawaida haipiti tena kwa hakimu: kila mmoja huwa na wakili wake, hutafakari siku 15 kabla ya kutia sahihi, na mapatano huwekwa kwa notari. Mtoto mdogo akiomba kusikilizwa na hakimu, njia hiyo hufungwa.

Kwetu Kongo, Sheria ya Familia ya 1 Agosti 1987 huiweka talaka mikononi mwa mahakama. Ni lazima hakimu asadiki kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Mapatano ya wawili peke yao hayatoshi.

Hapo ndipo kazi yetu ya lugha inapoingia. Mama akisema mbele ya mkalimani «tumeachana», neno hilo linaweza kubeba mambo matatu: wanaishi mbalimbali; familia zimeketi na kukubaliana; au hukumu imetolewa. Kifaransa hutenga «se séparer» na «divorcer». Mkalimani anayekimbilia «nous sommes divorcés» anampa mama hukumu ambayo huenda hana, ilhali kisheria bado ni mke wa mtu, pamoja na haki zake juu ya nyumba na mali.

Tena -an- huweza kuficha: aliyefukuzwa naye husema «tumeachana» ili kujilindia heshima. Kwa hiyo, kabla ya kutafsiri, mkalimani amwombe hakimu ruhusa ya kuuliza maswali mawili: «Mliachana mbele ya nani?» na «Nani alitaka?» Kiambishi hakijibu hata moja kati ya hayo.