Jaketi la Baridi Lisikaribie Moto
Maelezo kwa wakazi wa Kata ya Kasokola, Manispaa ya Mpanda

Kwa nini tumeandika

Kijitabu hiki kimetokana na malalamiko. Kipupwe kinapoingia, kuanzia Juni hadi Agosti, wananchi huja ofisini wakiwa wameshika majaketi mkononi: moja limetoboka kifuani, jingine mkono umeyeyuka, la tatu halina joto lolote ingawa muuzaji aliapa kuwa limetoka Ulaya. Tunajua pia kwamba wengi wenu mkiona karatasi yenye mhuri mnahisi kuna tozo inakuja. Hakuna tozo. Wala hakuna anayekataza mtumba wa majaketi. Kilichokatazwa na Shirika la Viwango Tanzania, chini ya kiwango TZS 758 cha mwaka 2003, ni nguo za ndani zilizokwisha kutumika, na jaketi si nguo ya ndani. Nunueni, vaeni.

Tunalotaka lieleweke ni moja. Jaketi hilo ni plastiki, na plastiki ikikutana na moto huyeyukia mwilini.

Ndani ya jaketi kuna nini

Ukifumua mshono wa jaketi nene, lile lililoshonwa vifuko vifuko, utakuta kitu cheupe, chepesi, kama pamba. Si pamba ya shambani. Ni nyuzi za poliesta, ambayo asili yake ni mafuta ya petroli. Nyuzi hizo hushika hewa, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto la mwili wako lisitoroke. Ndiyo maana jaketi lililokandamizwa mpaka likawa bapa halikusaidii kitu: hewa imeshatoka.

Yapo majaketi ya namna nyingine, yenye manyoya laini ya bata au bukini. Ni mepesi na yana joto kubwa zaidi, lakini yakilowa hushikana madonge na kuchelewa kukauka. Katika miaka ya 1980 Jeshi la Marekani lilitaka kitu cha kuchukua nafasi ya manyoya hayo, na kampuni ya Albany International ikatengeneza nyuzi ambazo leo huuzwa kwa jina la PrimaLoft. Poliesta hainywi maji, hivyo jaketi lake hata likinyeshewa hubakiza joto kiasi, na likitundikwa penye upepo hukauka upesi. Kwa kijana wa bodaboda anayetoka Kasokola alfajiri na abiria wa Mpanda mjini, au utingo wa lori linalopanda kwenda Sumbawanga kwenye nyanda za juu za Ufipa, hilo si jambo dogo. Hatuna ugomvi na jaketi hili. Ni jaketi zuri.

Moto

Sehemu hii isome hata kama nyingine utaziruka.

Poliesta huyeyuka kwenye nyuzi joto 255 hadi 260 hivi za Selsiasi. Nailoni, ambayo ndiyo ngozi ya nje ya majaketi mengi, huanza kuyeyuka kwenye 220 hivi. Kaa jekundu la mkaa lina nyuzi joto zaidi ya 500. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Pamba halisi ikishika moto huungua ikawa majivu yanayodondoka. Poliesta na nailoni hugeuka uji mzito unaonata, na ukishanata kwenye ngozi huendelea kuunguza hata baada ya mwali kuzimika.

Msidhani tunatia chumvi. Mwaka 2006 makamanda wa kikosi cha Marine cha Marekani huko Iraki waliwakataza askari wao kuvaa fulana za michezo za poliesta na nailoni wanapotoka nje ya kambi, kwa sababu katika milipuko fulana hizo zilikuwa zinayeyukia kwenye ngozi ya majeruhi. Hao ni watu wenye helikopta za kubebea wagonjwa. Sisi tunategemea pikipiki.

Sasa tazama kazi zetu. Mama anayekaanga vitumbua kabla jua halijachomoza huinama juu ya jiko la mkaa huku mikono ya jaketi ikining'inia. Mkulima wa tumbaku hukesha akichochea kuni za bani la kukaushia majani, kwa sababu tumbaku ya mvuke ikikosa moto usiku mmoja mzigo mzima hushuka daraja. Mchoma mkaa huchungulia tanuri linapotoboka. Mrina asali huingia porini na mwenge au bomba la moshi, cheche zikimrukia begani. Mlinzi wa duka huweka kopo la makaa katikati ya miguu. Wote hao utawakuta na jaketi la mtumba, zipu imefungwa mpaka kidevuni, na kofia yenye kamba mbili zinazocheza mbele ya moto.

Tunarudia: ukikaribia moto, livue. Kama baridi ni kali, vaa sweta la sufu au koti la pamba nzito, kama ovaroli za kazi za zamani. Angalia usidanganyike na jina, maana vitenge vingi vya siku hizi ni poliesta na mashuka mengi ya kimasai ni akriliki, ambayo nayo huyeyuka na kuwaka. Kujifunga kitenge juu ya jaketi ili kulikinga na cheche ni kuongeza kuni.

Na bodaboda nao wasikie. Jaketi lililofungwa kiunoni hulalia bomba la ekzosi na kuyeyuka ukiwa mwendoni. Petroli ya kwenye chupa ikikumwagikia kifuani wakati wa kujaza, usiseme itakauka yenyewe. Vua jaketi hapo hapo, mbali na mwenye sigara, ulitandike nje mpaka harufu iishe kabisa, kisha ulifue. Petroli hujificha ndani ya zile nyuzi kwa muda mrefu kuliko juu ya kitambaa cha kawaida.

Usikaushe jaketi juu ya jiko. Usilipige pasi, iwe ya mkaa au ya umeme. Tundu lililotobolewa na cheche lizibwe kwa kiraka na sindano. Kuna wanaolichoma ukingo kwa kiberiti ili lisifumuke zaidi, nasi tumeshawaambia mara nyingi waache. Maandishi yanayosema jaketi haliingizi maji hayasemi lolote kuhusu moto. Tunarudia tena: hayasemi lolote kuhusu moto.

Jambo moja pembeni, lakini limeshaua watu nchini: mwenye jaketi zuri na blanketi hahitaji kulala na jiko la mkaa chumbani. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na anayeivuta usingizini haamki kukohoa.

Kulichagua mnadani

Kwanza soma kitambulisho cha kitambaa, kile kikaratasi kilichoshonwa ubavuni kwa ndani. Huandikwa kwa lugha za wenyewe, lakini maneno ya kukariri ni machache. Polyester, Nylon, Polyamide na Acrylic yote ni plastiki. Cotton ni pamba, Wool ni sufu, Down ni manyoya laini ya ndege. Mara nyingi kuna mistari mitatu, kwa kitambaa cha nje, bitana na kilichojazwa ndani. Isome yote, maana jaketi linaweza kuwa na ngozi ya pamba na tumbo la poliesta.

Kikaratasi kikiwa kimekatwa, kama ilivyo kawaida, chomoa nyuzi mbili tatu kutoka upindo wa ndani baada ya kulinunua, zishike kwa koleo juu ya sahani ya mchanga, uzisogezee kiberiti. Zikijikunja na kuacha kipunje kigumu cheusi, ni plastiki. Zikinuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, ni pamba. Zikinuka nywele, ni sufu. Usifanye jaribio hilo sokoni juu ya belo la mtu. Limeshafanyika, na maneno yaliyofuata hatuwezi kuyachapisha.

Joto la jaketi hupimwa kwa mkono. Libinye sehemu nene kwa nguvu, uliachie: lenye uhai huinuka lenyewe mara moja. Linalobaki limelala limeshafuliwa na kukamuliwa mpaka nyuzi zimechoka, na hata likiwa na jina kubwa kifuani ni zigo tu la kubeba. Kisha liinue juani, ufungue zipu, utazame kwa ndani. Ukiona mwanga mwingi mabegani huku madonge yamekusanyika chini, nyuzi zimeshuka, na hutaweza kuzirudisha. Ununuapo jipya unaweza kukuta uzito wa nyuzi umeandikwa kwa gramu kwa mita ya mraba. Gramu 60 zinatosha mtu anayetembea au kulima, 100 hadi 133 zinamfaa aliyekaa kwenye pikipiki, na 200 ni za mlinzi asiyesogea usiku kucha.

Mwendesha bodaboda atafute kitambaa cha nje kilichofumwa kwa kubana, kwa kuwa upepo wa mwendo hupita kwenye kitambaa legevu na kuiondoa ile hewa yote tuliyoieleza. Alipulize kwa mdomo: pumzi ikitokea upande wa pili kirahisi, aliache. Zipu iwe na ukanda wa kuifunika, shingo ifunge, mgongo ufike chini ya kiuno. Rangi nyeusi inaficha uchafu, na inamficha mwenyewe pia mbele ya lori saa kumi na moja alfajiri. Lisibane. Lazima liingie juu ya sweta bila kukandamiza nyuzi.

Mtumba ufuliwe kabla ya kuvaliwa: maji ya baridi au vuguvugu, sabuni kidogo, bila jiki. Usilikamue kwa kulisokota.

Akiungua mtu

Nguo ikiwaka mwilini, usikimbie. Simama, jilaze chini, jibiringishe huku umefunika uso kwa viganja. Aliye karibu ammwagie maji, au amfunike kwa blanketi zito la sufu au pamba, si kwa jaketi lake la poliesta.

Moto ukizimika, mimina maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20. Si tano. Kama hakuna bomba, mimina kwa kata na ndoo, polepole, mpaka dakika zitimie. Wakati huo vua nguo ambayo haijanata, pamoja na saa na pete kabla hajavimba. Iliyonata usiivute, maana itaondoka na ngozi. Kata kitambaa kuizunguka, ubakize kilichoshikana, wataalamu watakishughulikia. Funika kwa kitambaa safi na umwahishe kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi.

Usipake dawa ya meno. Usipake yai, majivu, mafuta ya kupikia, wala unga. Usipake asali. Tunafahamu kwamba asali ya Katavi inasifika nchi nzima na kila nyumba ina dumu lake, lakini kidonda kibichi cha moto kinahitaji maji. Usipasue malengelenge. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, haina malipo, na haipigwi kwa kujaribu kama inafanya kazi.

Malalamiko kuhusu mauzo

Jaketi jipya lililouzwa kwa jina bandia hupelekwa Tume ya Ushindani. La ubora hafifu, Shirika la Viwango. Risiti inahitajika. Mtumba ulionunuliwa kwenye mkeka bila risiti hauna pa kulalamikiwa, na masharti mengine yapo ofisini kwa atakayeyahitaji.

Ofisi imekwenda minadani, imekaa na wauza mitumba, imewaeleza mafundi cherehani, na bila kujisifu matunda yanaonekana: siku hizi muuzaji akimwona ofisa wetu hakunji mkeka. Waliobaki kuwa wagumu ni wateja. Nakala zipo kwa Mtendaji wa Kata, zahanati na shuleni, na zinatolewa bure. Atakayekuuzia kijitabu hiki, mchukue jina.