Vijeba na Kelele za Pembeni: Kwa Wazazi, Makocha na Viongozi wa Timu za Watoto

Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana ya Tanzania, walikuwa wamekwisha kufuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 nchini Gambia. Hawakucheza. CAF iliwaondoa kwa kosa la kumtumia mchezaji aliyezidi umri, yaani kijeba. Miaka 12 baadaye upepo ukageuka: Kongo Brazzaville, waliokuwa wametutoa katika mchujo kwa faida ya bao la ugenini, wakaenguliwa baada ya mchezaji wao aliyetiliwa shaka kutofika kwenye kipimo cha MRI. Vijana wetu wakachukua nafasi yao, wakaenda Gabon 2017, wakatoka sare na Mali na kuwafunga Angola. Habari ya vijeba, basi, Mtanzania anaijua pande zote mbili, ya kunyang'anywa na ya kupewa. Wale wa 2005 ambao umri wao ulikuwa sahihi hakuna aliyewauliza chochote. Walibaki nyumbani pamoja na timu nzima.

Kijeba hajisajili mwenyewe. Kuna mtu mzima aliyemchukua kijana wa kidato cha tatu akampeleka kwenye meza ya usajili ya chini ya miaka 13, cheti cha mdogo wake kikiwa mfukoni. Vilevile refa wa watoto hatukanwi na watoto. Makosa haya mawili, la umri na la kelele, yanafanywa na watu walewale: sisi tunaosimama nje ya mstari tukitaka kikombe. Ndiyo maana nayaandika pamoja.

Hesabu ya umri

Ugomvi mwingi wa umri hata si wa udanganyifu, ni wa hesabu. Mashindano ya FIFA na CAF huangalia mwaka wa kuzaliwa, na tarehe ya mpaka ni 1 Januari. Chukua mwaka wa mashindano, toa umri wa daraja. Mashindano ya chini ya miaka 17 ya mwaka 2026 yanapokea waliozaliwa 1 Januari 2009 na kuendelea. Kwa hesabu hiyohiyo, ya chini ya miaka 15 ni waliozaliwa 1 Januari 2011 na kuendelea. Kijana aliyezaliwa Machi 2009 atatimiza miaka 17 ndani ya mwaka huo na bado ni halali. Mzazi wa timu pinzani anayelalamika kwamba "huyo amefikisha kumi na saba mwezi uliopita" anaweza kuwa anasema kweli na bado hana hoja.

Si kila ligi inafuata kalenda hiyo. Uingereza madaraja ya watoto hufuata mwaka wa shule unaoanza Septemba, na bonanza la mtaani kwako linaweza kuwa na tarehe yake. Soma kanuni kabla ya kujaza fomu. Waandaaji wasio na kanuni zilizoandikwa waombwe waziandike kabla hujatoa ada ya ushiriki, maana kanuni inayotungwa siku ya nusu fainali huwa na timu inayoipenda.

Hata hesabu sahihi ina kasoro. Mtoto wa 2 Januari na wa 30 Desemba mwaka uleule wako daraja moja, ingawa wanapishana karibu miezi 12, na kwa mtoto wa miaka 10 miezi 12 ni kimo na nguvu. Makocha humchagua mkubwa wakidhani ndiye mwenye kipaji. Akademi kadhaa za Uingereza zimejaribu kupanga baadhi ya mechi kwa ukomavu wa mwili badala ya tarehe. Sisi hatuhitaji kufika huko. Kocha aandike tu mwezi wa kuzaliwa mbele ya kila jina kwenye daftari lake, kisha amtazame upya yule mdogo wa Desemba aliyekuwa amemwacha benchi.

Sura si ushahidi

Wavulana huanza kubalehe kwa nyakati tofauti sana, mmoja akiwa na miaka 9 au 10, mwingine 14, na wote ni wazima. Kwa hiyo utakuta wa miaka 13 mwenye sauti nzito na kivuli cha sharubu akicheza kihalali dhidi ya rika lake ambaye bado ana sauti ya kitoto. Kumshika mtoto kidevu kutafuta ndevu mbele ya umati si uchunguzi, ni udhalilishaji. Hakuna tofauti na kile kipimo cha zamani cha kuandikishwa darasa la kwanza, cha kupitisha mkono juu ya kichwa na kugusa sikio la upande wa pili, ambacho kilipima urefu wa mkono.

Na MRI? FIFA ilianza kuitumia kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini Nigeria mwaka 2009. Kipimo hupiga picha ya kifundo cha mkono na kuangalia kama sehemu ya ukuaji kwenye mwisho wa mfupa imekwisha kuungana kabisa. Kwa wavulana ambao hawajafika miaka 17 ni nadra sana kukuta imeungana yote. Kinanasa kwelikweli: Kameruni iliwapima wachezaji 30 wa timu yake ya chini ya miaka 17 kabla ya mashindano ya kanda ya Januari 2023, na 21 wakashindwa. Lakini kimetengenezwa kwa ajili ya mpaka huo mmoja. Kijana wa miaka 18 ambaye mfupa wake umechelewa atapita, na kwa ligi ya chini ya miaka 13 hakina la kukuambia. Timu za watoto hazina njia ya mkato ya hospitali. Zina makaratasi na watu wanaomfahamu mtoto.

Makaratasi

Cheti cha kuzaliwa ndicho cha kwanza, lakini usiishie kwenye tarehe ya kuzaliwa. Shuka chini usome tarehe ya kusajiliwa. Cheti kilichosajiliwa mtoto akiwa mchanga kina uzito. Kilichotolewa wiki mbili kabla ya mashindano, mtoto akiwa na miaka 14, si lazima kiwe cha uongo, kwa sababu familia nyingi huchelewa kusajili. Kinadai tu karatasi ya pili. Karatasi hiyo ni kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, au rejesta ya shule inayoonyesha mwaka alioanza darasa la kwanza. Mwalimu mkuu anaweza kuandika barua na kupiga muhuri. Kwa watoto wadogo kazi inarahisika, maana tangu 2013, mpango ulipoanzia Mbeya, RITA, wakala wa usajili wa vizazi, imekuwa ikiwasajili walio chini ya miaka 5 bure kwenye vituo vya afya na ofisi za kata.

Udanganyifu unaotumika zaidi hauna ufundi mwingi: cheti ni halali, mwenye cheti ni mdogo wake. Dawa yake ni picha. Piga picha ya mtoto akiwa ameshika cheti siku ya usajili, mzazi au mlezi akiwepo, na siku ya mchezo kamisaa alinganishe sura na leseni ya mchezaji. Pia mwite mtoto kwa jina la kwenye cheti wakati anafanya mazoezi na kuangalia kwingine. Ukiita "Hamisi" mara tatu hageuki, mpaka mwenzake amguse bega, una swali la kuuliza.

Mazungumzo ya mezani yawe ya heshima. "Mama, shikamoo. Cheti cha kijana tumekiona. Kadi yake ya kliniki bado unayo?" Mama mwenye kadi huitoa. Asiye nayo hueleza ilipopotelea, na shule inamaliza suala. Anayekasirika kabla hujamaliza kuuliza mara nyingi ameshaambiwa na kocha la kujibu.

Makocha husema, "Tunamsaidia dogo aonekane." Hebu tufuate huo msaada unakofika. Kijana amecheza kama mzaliwa wa 2012. Cheti chake cha shule kinasema 2009. Akifika umri wa kuomba kitambulisho cha NIDA au pasipoti, tarehe mbili zinagongana, na kughushi nyaraka ni kosa la jinai. Mwaka 2019 Guinea, waliofika fainali ya Afrika ya chini ya miaka 17 iliyofanyika Dar es Salaam, walipoteza nafasi ya Kombe la Dunia kwa sababu wachezaji wao wawili walikuwa wamecheza mashindano Japan mwaka 2017 kwa tarehe nyingine za kuzaliwa. Orodha ya zamani ilitosha kuwaumbua. Na kabla ya yote hayo kuna mguu wa mtoto wa miaka 12 unaogongana na wa kijana wa 16.

Ukiwa na shaka na mchezaji wa timu nyingine

Usimpigie kelele. Neno "kijeba" linalorushwa uwanjani linampata mtoto, aliyelisababisha yuko benchi amekunja mikono. Kiongozi wa timu amwone kamisaa au mratibu wa mechi, aombe kuona leseni, kisha aweke pingamizi kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa kwenye kanuni, pamoja na ada kama ipo. Taja namba ya jezi, jina aliloandikishwa, na ushahidi: barua ya shule, picha ya mashindano ya awali, orodha ya michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, ya mwaka juzi. "Kila mtu anajua" si ushahidi. Usiitoe timu uwanjani. Cheza, ukiwa umeshapeleka karatasi, kwa sababu timu inayosusa hupoteza mchezo hata kama madai yake ni ya kweli.

Mstari wa pembeni

Sheria za soka ziko wazi kuhusu benchi kuliko wengi wanavyodhani. Eneo la ufundi linaanzia mita 1 kila upande wa viti na kuishia mita 1 kabla ya mstari wa pembeni. Mtu mmoja tu kwa wakati ndiye anayeruhusiwa kutoa maelekezo. Tangu 2019 kocha na maofisa wa timu huonyeshwa kadi ya njano na nyekundu kama wachezaji, na aliyetukana akifichwa katikati ya wenzake, kadi humwangukia kocha mkuu aliyepo. Refa ana mamlaka ya kusimamisha mchezo au kuuvunja watu wa nje wakiuingilia. Soka la vijana na la ngazi ya chini linaruhusiwa pia, chama kikikubali, kutumia adhabu ya kumtoa mchezaji nje kwa dakika chache kisha arudi.

Uwanja wa shule hauna hayo yote yaliyochorwa. Chota chokaa au majivu, chora mstari hatua tatu kutoka uwanjani, wazazi wakae nyuma yake. Timu mbili na mabenchi yao upande mmoja, wazazi upande wa pili, nyuma ya magoli pasiwe na mtu. Kipa wa miaka 11 mwenye wajomba watatu nyuma ya nyavu hana anachosikia. Kila timu iteue mzazi mmoja anayeheshimika, avae kizibao, kazi yake iwe kumfuata baba aliyepandwa na jazba na kumwambia, "Mzee mwenzangu, njoo tunywe maji." Refa asiachiwe kazi hiyo, hasa kwa kuwa anayechezesha mechi za watoto mara nyingi ni kijana anayejifunza. Akitukanwa Jumamosi tatu mfululizo, ya nne haji, na ninyi ndio mtakaolalamika kwamba mechi imechezeshwa na kaka wa kocha.

Mzazi aseme nini basi? Apige makofi, hata kwa timu nyingine. Asitoe maelekezo. Kocha akisema "tulia na mpira" na baba akisema "piga mbele!", mtoto atamtii baba, kwa sababu ndiye anayerudi naye nyumbani. Na njiani kwenye bodaboda, goli alilokosa lisitajwe mpaka alitaje mwenyewe.

Nairobi kuna mfano ambao ningependa vyama vyetu vya wilaya viuige bila aibu. MYSA, chama cha vijana wa Mathare kilichoanzishwa 1987, kiliweka kadi ya kijani, ambayo refa humpa mchezaji aliyeonyesha uungwana kuliko wote. Uwanjani ni nahodha tu anayezungumza na refa, wazo ambalo watunga sheria wa dunia walikuja kulitolea mwongozo 2024. Aliyeadhibiwa kwa utovu wa nidhamu alitakiwa achezeshe mechi za wadogo kabla ya kurudi kucheza. Hiyo ya mwisho naiona bora kuliko faini yoyote: akishika filimbi mwenyewe ataonja kelele alizokuwa akiwapigia wengine. Ningeongeza makocha kwenye orodha hiyo, na baba mmoja mmoja.

Kama sasa hivi una kijeba kwenye orodha yako, bado una nafasi. Nenda kwa katibu wa ligi kabla ya mchezo wa kwanza, mtoe jina, mweleze mzazi sababu, na mtafutie kijana timu ya umri wake halisi. Usisubiri pingamizi.