"Mbona Kwangu Inafanya Kazi?"

Kila kikundi cha mradi kina mtu wake wa kuuliza hivyo. Kwetu nilikuwa mimi. Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha, laptopu yangu ikagoma kuwaka. Kodi wenzangu walikuwa nayo. Kilichopotea ni mpangilio: toleo la Python, hifadhidata, na vitu nilivyosakinisha kwa kubahatisha nikavisahau. Tulikesha hadi alfajiri.

Dawa yenyewe ipo tangu 2013, Docker ilipotoka. Badala ya kukumbuka ulichosakinisha, unakiandika kwenye faili. Shika maneno mawili tu: imeji ni kalibu, kontena ni tofali linalotoka humo. Kontena halibebi mfumo endeshi mzima. Linatumia kiini cha Linux kilichopo tayari, ndiyo maana linawaka haraka. Kwenye Windows, kiini hicho huletwa na WSL 2.

Faili la Dockerfile linataja toleo la Python na maktaba zake. Faili la pili, compose.yaml, linaunganisha programu na hifadhidata:

```
services:
  app:
    build: .
    image: mradi
    ports: ["8000:8000"]
  db:
    image: postgres:16
    environment:
      POSTGRES_PASSWORD: siri
    volumes: ["data:/var/lib/postgresql/data"]
volumes:
  data:
```

Mwenzako anaandika `docker compose up`, basi, mradi unawaka.

Ila kuna mitego mitatu. Kwanza, ndani ya kontena, `localhost` ni kontena lenyewe. Programu iitafute hifadhidata kwa jina `db`. Pili, usiache mistari ya `volumes`. Bila hiyo, ukiliondoa kontena na kuwasha jipya, unaanza na hifadhidata tupu. Tatu, bando! Imeji ni nzito. Mmoja wenu apakue kwa waifai ya chuo, ajenge kwa `docker compose build`, kisha:

`docker save -o mradi.tar mradi postgres:16`

Wengine wachukue faili hilo kwa flashi na kuandika `docker load -i mradi.tar`, ilimradi prosesa zenu ni za aina moja.

Kama laptopu yako ina RAM ya GB 4 tu, usijitese: weka hifadhidata peke yake kwenye kontena.

Leo jioni, mpeni mwenzenu awashe mradi kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuugusa. Akikwama, heri akwame leo kuliko usiku ule.