Tumehoji wapiga kura wenyewe. Je, ni ushahidi?

*Mgombea wetu wa ubunge ametangazwa kushindwa. Tumewauliza watu 300 walimpigia nani, na wengi wanamtaja yeye. Mahakama itatusikiliza? — Msomaji, Kilifi*

Orodha hiyo peke yake haitoshi, ndugu. Kura ni siri; anayeulizwa mtaani husema apendavyo. Lakini msikate tamaa. Mtafuteni wakala aliyekuwa kituoni, aape mbele ya kamishna wa viapo yale aliyoyaona kwa macho yake, na aambatishe nakala yake ya Fomu 35A, ile ya matokeo ya ubunge ya kituo. Ajiandae kuhojiwa na mawakili wa upande wa pili. Asitie chumvi: mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilikemea vikali hati za kiapo zenye uongo. Muoneni wakili wiki hii. Kesi hufunguliwa ndani ya siku 28 baada ya matokeo kutangazwa.