Kuchagua Kidhibiti Shinikizo cha Mtungi wa Oksijeni

Mgonjwa wa nimonia anayepewa rufaa kutoka vijiji vya juu vya Milima ya Upare Kusini huteremshwa kwanza hadi Same na, ikihitajika, husafirishwa zaidi ya kilomita 100 hadi Hospitali ya KCMC mjini Moshi. Njiani uhai wake huweza kutegemea mtungi wa oksijeni na kifaa kidogo kilichofungwa kwenye mdomo wa mtungi huo: kidhibiti shinikizo, maarufu kwa jina la regureta.

Mtungi uliojaa huwa na shinikizo la karibu bar 150, yaani takriban mara 150 ya shinikizo la hewa tuivutayo. Kidhibiti hulishusha hadi bar 4 hivi. Kisha kipima mtiririko huonyesha lita zinazomfikia mgonjwa kila dakika. Ukubwa sahihi wa kifaa hiki huamuliwa na mambo matatu.

Kwanza, maungio. Baadhi ya mitungi midogo ina vitundu vya kupokea pini; mingine hufungwa kwa nati yenye hesi. Kisipoingia, kisilazimishwe. Regureta ya gesi ya kupikia isitumike kamwe, wala maungio yasipakwe mafuta au grisi, kwani vitu hivyo vikikutana na oksijeni yenye shinikizo kubwa huweza kuwaka.

Pili, uwezo wa kuhimili. Soma maandishi ya kifaa: kiwe cha oksijeni, na kiweze kuhimili shinikizo la mtungi uliojaa kabisa.

Tatu, mtiririko. Hapa ndipo wengi hudhani kuwa kikubwa hufaa kwa wote. Kichanga huhitaji nusu lita hadi lita 1 kwa dakika kwa mrija wa puani. Mtu mzima mahututi anayetumia barakoa yenye mfuko huhitaji lita 10 hadi 15. Vipima vingi vya lita 15 huanza kusomeka kwenye lita 1, hivyo nusu lita hukisiwa tu. Kwa mtoto njiti, kukisia ni hatari: oksijeni ikizidi huweza kuharibu retina na kuleta upofu. Kituo kinachohudumia wazazi na vichanga kiwe na vipima viwili, kimoja kikiwa cha lita 0 hadi 2. Kiwango cha oksijeni katika damu ya njiti anayepewa oksijeni kidumishwe kati ya asilimia 90 na 95.

Kabla ya safari, zidisha ujazo wa mtungi kwa shinikizo lililobaki. Mtungi wa lita 10 wenye bar 100 una takriban lita 1,000 za oksijeni. Kwa lita 5 kwa dakika, utadumu saa 3 na dakika 20. Kwa lita 15, dakika 66 tu. Gari likikwama kwenye mteremko, tofauti hiyo ndiyo maisha. Ongeza akiba ya angalau nusu ya muda wa safari.

Nawe ndugu wa mgonjwa, usigeuze kitasa cha kifaa wala usiruhusu moto au sigara karibu. Lakini una haki ya kumwuliza mhudumu kabla gari halijaondoka: oksijeni hii itatufikisha?