Kabla ya Kupokea Dishi la Intaneti



Baadhi ya barua tulizozipokea hivi karibuni zinauliza jambo moja. Kuna mfadhili aliye tayari kununua dishi la intaneti ya setilaiti kwa ajili ya zahanati, au kambi ya wachimba visima, au shule iliyoko porini, je, tupokee? Tumeona ni vyema tulijibu hapa ili wote wasome, maana sisi wenyewe tulikwisha kulipokea mara moja bila kuuliza lolote.

Mwaka 2006 tulikuwa na kazi ya visima na ukarabati wa zahanati katika kijiji kimoja mbali na mji wa Kahama. Hapakuwa na mnara wa simu. Kila mwisho wa mwezi mganga mfawidhi alipanda lori hadi mjini, akalala huko, akatuma taarifa kwa barua pepe katika duka la intaneti, kisha akasubiri lori la kurudi. Zahanati ilibaki na muuguzi mmoja. Katika safari moja ya namna hiyo aliletwa mama mwenye uchungu wa siku mbili. Muuguzi alifanya aliyoyaweza, akatafuta baiskeli, kisha trekta, wakampeleka hospitali. Mama alipona. Mtoto hakuishi.

Taarifa aliyoipeleka mganga siku ile haikuwa ya serikali. Ilikuwa yetu. Sisi ndio tuliotaka ifike kila mwezi, kwa barua pepe, kwa tarehe tuliyoipanga sisi, ili nasi tuwapelekee wafadhili.

Mfadhili mmoja alipoisikia habari hiyo alitoa dishi, modemu na ada ya mwaka mzima. Tulimshukuru, tukapiga picha. Dishi lilifanya kazi miezi 12. Mwezi wa 13 ankara ikaletwa, na katika bajeti ya zahanati, ya parokia na ya ofisi yetu hapakuwa na kifungu cha kuilipa. Huduma ikakatwa. Tulipotembelea kijiji mwaka uliofuata tulikuta dishi limeshushwa chini na akina mama wameanika michembe juu yake. Hatukuwalaumu, kwa kuwa wao angalau walilipatia kazi. Lililomaliza safari za mganga halikuwa dishi: tulibadilisha taarifa ya kila mwezi ikawa ya kila robo mwaka, na gari letu likawa linaichukua lilipopita kwenye ziara. Badiliko hilo lilitugharimu barua moja.

Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya kamati ni hili: ni safari gani, ya nani, itakayokoma dishi likifika? Kama jibu ni kutuma taarifa za wafadhili, anzeni kwa kutuandikia sisi. Kama ni kumwuliza daktari wa hospitali ya wilaya kuhusu mgonjwa, kuagiza dawa zilizokwisha, au kumwezesha fundi wa kisima kupata ushauri pampu inapokwama, hapo tuna jambo la kuzungumza.

Swali la pili ni la mnara. Ukanda wetu wa dhahabu ulifunguka kwa kasi: mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, wakati ambapo kijiji kilichopakana na mgodi kingeweza kukaa bila simu wala umeme. Siku hizi hali si ile. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, mkongo wa taifa ukasambazwa mikoani, na makampuni ya simu yakafuata kwa minara. Palipo na simu yenye intaneti, hata kama inashika juu ya kichuguu tu, mlingoti wa mita chache wenye antena ya nje na kifaa cha laini ya simu mara nyingi utatosha, na gharama yake ni ndogo kuliko ya setilaiti. Pasipo na mnara kabisa, pelekeni ombi kupitia halmashauri kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 hasa kwa ajili ya maeneo ambayo makampuni hayaoni faida. Jibu huchukua muda. Ombeni hata hivyo.

Wapo wanaotushauri tuuombe mgodi wa jirani utugawie intaneti yake. Ujirani mwema ni jambo jema, lakini mgodi una umri wake. Buzwagi, pale karibu na Kahama, ulianza mwaka 2009 na uchimbaji ukafika mwisho mwaka 2021. Zahanati inatakiwa kuishi zaidi ya miaka 12.

Tuseme mmekwisha kuyapima hayo na setilaiti imebaki kuwa njia pekee. Ni vyema basi kamati ielewe inanunua nini, ili fundi asiwaambie lolote analotaka.

Setilaiti ya aina ya zamani huwa juu ya ikweta, umbali wa karibu kilometa 36,000, nayo huzunguka pamoja na dunia, hivyo kwetu huonekana imesimama mahali pamoja. Ndiyo maana dishi hufungwa likaelekezwa mara moja. Ujumbe wako hupanda hadi kwenye setilaiti na kushuka kwenye kituo cha mtoa huduma. Jibu nalo hupanda na kushuka. Hizo ni safari nne, jumla ya kilometa 144,000, na kwa mwendo wa mwanga wa kilometa 300,000 kwa sekunde zinachukua karibu nusu sekunde. Barua pepe haijali. Mazungumzo ya sauti yanajali: mtazungumza kama kwenye redio ya upepo, mmoja amalize ndipo mwingine aanze.

Zipo pia setilaiti mpya zinazopita chini, kama zile za Starlink zilizoko umbali wa karibu kilometa 550. Ucheleweshaji wake ni mdogo sana na dishi lake hujielekeza lenyewe. Huduma hiyo ilifunguliwa Rwanda na Kenya mwaka 2023. Tunajua kishawishi kilichopo, cha ndugu kununua kifaa Nairobi na kukipitisha mpakani ndani ya begi. Msifanye hivyo kwa jina la parokia. Kabla ya kununua chombo chochote cha kurusha mawimbi, ulizeni kwa maandishi Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kama mtoa huduma ana leseni ya nchi yetu, na jibu lihifadhiwe kwenye faili.

Katika aina ile ya zamani mtaulizwa kuhusu masafa. Ya Ku hutumia dishi dogo la karibu mita 1.2, lakini mvua kubwa hudhoofisha mawimbi yake, na anayeijua mvua ya kwetu inapokuja na ngurumo kutoka upande wa ziwa anajua itakuwaje. Ya C huvumilia mvua vizuri zaidi ila hutaka dishi kubwa na fedha nyingi. Kwa zahanati tunaona Ku inafaa, mradi wote wakubali kwamba kuna nyakati za masika mtandao utapotea hadi mvua ipungue. Huo si ubovu, na fundi asiitwe kutoka Mwanza kwa ajili hiyo.

Sisi tuko digrii 3 hadi 4 tu kusini mwa ikweta, hivyo dishi letu hutazama juu sana kuliko madishi ya Ulaya ambayo wafadhili wamezoea kuyaona. Hilo ni jema, kwani mti wa mbali hauzibi. Hata hivyo msilifunge kando ya mwembe mchanga. Baada ya miaka michache mwembe utakuwa mkubwa. Nguzo iwe ya chuma, imesimama wima kabisa, imejengewa zege ardhini, wala isiwe juu ya paa la bati linalotikisika kwa upepo. Dishi likisogea digrii 1 tu, mtandao unaweza kupotea. Wekeni uzio, kwa sababu mbuzi hupenda kujikuna kwenye nguzo, na watoto wasisimame mbele ya dishi, maana linarusha mawimbi na si kupokea tu. Maungio ya nyaya yafungwe kwa utepe wa mpira usiopitisha maji. Maji yakiingia kwenye ungio moja, kazi yote imeharibika.

Jambo moja ambalo hatukuambiwa: siku ya kufunga, fundi hulazimika kuzungumza kwa simu na kituo cha mtoa huduma ili wapime pamoja mawimbi yanayorushwa. Lakini pale hapana simu! Fundi wetu alishinda akipanda na kushuka kilima ambako mtandao ulishika kwa mbali, na muuguzi akiwa katikati akipeleka maneno. Sasa tunaandika ndani ya mkataba kwamba fundi aje na simu ya setilaiti.

Juu ya umeme tunawasihi msikubali maneno ya jumla. Fanyeni hesabu. Modemu pamoja na kirushio hula karibu wati 50. Kwa saa 8 ni wati-saa 400. Kompyuta mpakato mbili za wati 40 kwa saa 6 ni wati-saa 480. Jumla ni karibu 900 kwa siku. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 huhifadhi wati-saa 1,200, lakini ile ya kawaida ya asidi ukiimaliza zaidi ya nusu kila siku itakufa mapema, kwa hiyo hesabu 600 tu. Zinahitajika betri mbili. Jua likihesabiwa saa 5 nzuri kwa siku, na kuongeza upotevu wa njiani, paneli ziwe za wati 250 hadi 300. Betri nazo zina mwisho, basi fedha ya kununua nyingine ianze kuwekwa tangu mwezi wa kwanza. Tena, umeme wa jokofu la chanjo usiguswe kamwe kwa ajili ya kompyuta. Mtandao ukizimika watu watasubiri. Chanjo ikiharibika watoto ndio watakaoumia.

Kuhusu radi hatuna haja ya kueleza sana kwa wenyeji. Mwezi Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi 6 wa shule moja mjini Geita. Dishi juu ya nguzo ya chuma mahali pa wazi ni mwaliko. Kwa hiyo nguzo iunganishwe na ethi ya waya mnene wa shaba hadi kwenye chuma kilichopigwa ndani ya udongo, na mawingu yakikusanyika nyaya zote zichomolewe ukutani. Kuzima swichi hakutoshi.

Tunarudi kwenye ada. Katika miaka ile huduma ya setilaiti iligharimu mamia ya dola kwa mwezi, na ingawa bei zimeshuka, bado ada hurudi mara 12 kwa mwaka. Kituo cha mawasiliano cha jamii cha Sengerema, wilaya inayopakana na Geita, ni mfano unaofaa kutembelewa. Kilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa COSTECH, UNESCO na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, na hakikutegemea intaneti peke yake: kilikuwa na mafunzo ya kompyuta, kutoa nakala za karatasi, na redio ya jamii. Mwananchi asiyejua barua pepe ni kitu gani bado ana cheti cha kutolewa nakala. Zahanati haiwezi kugeuka duka, lakini shule ya jirani, chama cha msingi cha wakulima wa pamba na parokia yenyewe wanaweza kuchangia ada kwa mgao ulioandikwa, kila mmoja akiwa na saa zake.

Saa hizo zilindwe. Tumeona kifurushi cha mwezi kikiisha kwa siku 6 kwa sababu kompyuta zilikuwa zikijisasisha zenyewe usiku, na mara nyingine kwa sababu mgeni wetu wa kujitolea aliangalia sinema. Alikuwa kijana mwema, hakuna aliyemwambia. Mteueni mtu mmoja, ikiwezekana mkazi wa kudumu wa kijiji na si mtumishi anayehamishwa, ajifunze kufunga na kufungua, atunze nywila na daftari la matumizi, na alipwe posho hata kama ni ndogo. Mgonjwa akiwa mezani, wengine wote wanatoka kwenye mtandao.

Tangu mwaka huu hatutapitisha ombi la dishi lenye bei ya kununua peke yake. Wafadhili nao tunawaomba wasituletee chombo bila kuzungumza kwanza na kamati husika. Ombi liambatane na karatasi moja inayoonyesha ada ya miezi 36, nani atalipa baada ya mwezi wa 12 na sahihi yake, akiba ya betri, jibu la TCRA, na jina la mtunzaji. Juu kabisa ya karatasi hiyo iandikwe ile safari itakayokoma. Maombi yatakayofika ofisini kabla ya kikao cha robo ijayo yatajadiliwa humo, na kamati itakayotaka msaada wa kupiga hesabu ya umeme ituarifu mapema ili fundi wetu apite akiwa kwenye ziara ya visima.