Betri ndogo katika tochi kubwa

Ni saa nane za usiku. Mama mmoja ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Mkunga ana tochi ya betri mbili kubwa, lakini betri zimekwisha. Duka la jirani lina betri ndogo tu, zile za saa ya ukutani. Je, tochi inaweza kuwaka? Ndiyo, tukielewa betri hizi zinafanana wapi na zinatofautiana wapi.

Zinazofanana na zinazotofautiana

Betri kubwa ya tochi huandikwa D, ya kati C, ndogo AA na nyembamba zaidi AAA. Zote, zikiwa za kawaida na mpya, zina volti 1.5. Kwa hiyo betri ndogo haiwezi kuunguza balbu ya tochi kubwa.

Tofauti ni akiba ya umeme iliyomo. Fikiria pipa na mtungi vyenye kimo kimoja cha maji. Maji hutoka kwa msukumo uleule, lakini mtungi huisha mapema. Betri ya AA ina takriban sehemu moja ya sita ya akiba ya betri ya D ya aina hiyohiyo. Tochi iliyokuwa ikiwaka saa 12 itawaka kama saa 2, au pungufu. Tochi ya LED hutumia umeme kidogo, hivyo itadumu zaidi kuliko ya balbu ya zamani.

Jinsi ya kufanya

Betri ya D ina upana wa milimita 34 hivi na urefu wa 61. Ya AA ina upana wa 14 na urefu wa 50. Ni lazima kujaza nafasi pembeni na nyuma.

1. Zungushia kila betri karatasi ngumu au gazeti mpaka ienee vizuri ndani ya tochi bila kucheza. Acha ncha zote mbili wazi.
2. Ingiza betri zikifuatana, chuchu (+) ikielekea balbu, kama tochi inavyoonyesha.
3. Nyuma, kwenye springi, jaza pengo kwa sarafu kadhaa au karatasi ya alumini iliyokunjwa na kushindiliwa. Kwa betri mbili pengo ni kama milimita 22.
4. Zungushia karatasi sarafu hizo pia, ili chuma kisiguse ukuta wa tochi.
5. Funga kifuniko na uwashe. Isipowaka, ongeza sarafu moja.

Betri kubwa haiingii katika tochi ndogo, lakini inaweza kuunganishwa kwa nje kwa waya, mradi idadi ya betri ni ileile na (+) na (–) hazikubadilishwa.

Tahadhari

- Usichanganye betri mpya na zilizotumika, wala aina mbili tofauti. Iliyo dhaifu huweza kuvuja.
- Soma maandishi. Kuna betri za lithiamu zenye umbo la AA lakini volti 3.7. Hizo zinaweza kuunguza balbu.
- Usiache chuma kiunganishe ncha mbili za betri. Itapata moto.
- Usichome betri wala kuibanika ili ipate nguvu. Inaweza kupasuka.
- Tochi ikipata moto au ikitoa harufu, izime na utoe betri.

Njia hii ni ya dharura. Kwa kazi ya usiku kucha, weka betri za akiba za ukubwa unaofaa mahali pakavu, nje ya tochi.

Maswali ya kujadili

- Katika kijiji chetu, ni nani wanaotegemea tochi kwa kazi ya kuokoa maisha?
- Nani anawajibika kuhakikisha betri za akiba zipo?
- Betri zilizokwisha tunazitupa wapi? Je, watoto wanaweza kuzifikia?